Cherehani Iliyotoka Kaburini

Nianze na mafuta ya nazi, maana nisipoyasema nitapasuka. Wanawake wa kisiwa chetu cha Mangaia nawapenda, ni ndugu zangu na mashoga zangu, lakini vichwa vyao vigumu. Nimewaambia kanisani, nimewaambia dukani, nimewaambia hadi matangani: cherehani haitiwi mafuta ya nazi! Mafuta ya nazi ni ya nywele na ya mwili. Ukiyatia kwenye cherehani, mwezi wa kwanza inateleza, unajiona mjanja. Mwezi wa tatu yameganda, gurudumu halizunguki, ndipo unaniletea mashine kwenye toroli, "Akaiti, sijui imepatwa na nini." Hujui! Inanukia kama kichwa cha bibi harusi, halafu hujui!

Hiyo ndiyo kazi yangu. Mwaka wa ishirini na tano huu nafufua cherehani kuukuu, nyingi zile nyeusi za kuzungusha kwa mkono, zenye maua ya dhahabu ubavuni, zilizokuja na meli enzi za bibi zetu. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa hasira, na hiyo hasira nitaieleza.

Asubuhi hiyo nilikuwa nakwangua mafuta yaliyoganda kwenye mashine ya mke wa mchungaji, huku namsema peke yangu, nikasikia mtu anacheka mlangoni. Alikuwa dada yangu Mereana, kashikwa mkono na binti yake Teuira, aliyekuja kutoka Auckland kumuuguza. Madaktari walikuwa wamemrudisha nyumbani wiki mbili nyuma. Ini limekwisha, walisema, hakuna cha kukata wala cha kutibu, akakae na watu wake.

"Unamtukana mke wa mchungaji," akasema Mereana.

"Namtukana na mume wake. Haya, keti."

Hakuketi. Alishika mwimo wa mlango mpaka pumzi ikamrudia. "Nataka cherehani ya mama," akasema.

"Ile ya pale?" Nikaonyesha nje kwa kidevu.

"Kwani mama alikuwa na ngapi?"

Cherehani ya mama ilikuwa juu ya kaburi lake. Sisi tunazikana uani, na kaburi la mama liko katikati ya nyumba yangu na ya Mereana, limesakafiwa kwa saruji na kuezekwa bati. Kuweka vitu vya marehemu juu ya kaburi si ajabu kwetu. Utaona miwani, utaona kikombe, utaona hata cherehani, mwenyewe kaachiwa chake kwa upendo. Ya mama haikuwekwa kwa upendo. Iliwekwa kwa sababu yetu.

Mama alipofariki, mimi na Mereana tuliigombania. Tuligombana kwelikweli, mbele za watu, chakula cha matanga kiko mezani. Nilisema ni yangu kwa kuwa ndimi niliyemuuguza. Yeye alisema ni yake kwa kuwa ndiye mkubwa, na ndiye anayejua kushona. Nikamwita mwizi. Akaniita tasa. Hapo mjomba wetu akainuka, akaibeba ile cherehani, akaitua juu ya kaburi upande wa kichwani. "Basi ni ya mwenyewe," akasema. "Atakayeigusa atanitambua."

Miaka minane hatukusemezana. Nyumba zinatazamana, kaburi katikati, na kila asubuhi kila mmoja anafagia upande wake. Ndipo nilipoanza kuokota cherehani mbovu za watu na kuzifungua, makusudi nimkomoe, aone naweza kuwa na cherehani kumi na ya mama sina shida nayo. Tulipatana mjomba alipokufa, maana huwezi kupikia watu mia mbili wa matanga bila kuomba chumvi kwa jirani. Hatukuombana radhi. Alisema, "Nipe chumvi," nikampa. Lakini cherehani haikuguswa, na maneno yale hayakuguswa.

Sasa anaitaka, na sababu yake ilikuwa moja. Kwetu mwanamke hazikwi hivihivi. Huzikwa kafungwa ndani ya tivaevae, lile shuka zito la vipande vya rangi, na la heshima ni lile alilolishona kwa mkono wake. La Mereana lilikuwa la vipande vidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, maelfu na maelfu. Vya mwanzo alikata mama, akaviunga kwa cherehani ile, akafa. Mereana akaendelea navyo kwa sindano ya mkono miaka yote hiyo, mpaka akafikisha mapande ishirini makubwa. Kilichobaki ni kuyaunga yale mapande ishirini na kutia bitana. Kazi ya siku tatu kwa mtu mzima wa afya.

"Mama alilianzia kwenye mashine ile," akasema. "Na mimi nitalimalizia hapohapo. Siku nitakayokata uzi wa mwisho, mwiteni mchungaji. Kabla ya hapo siendi popote, nawaambieni."

Alisema akicheka. Teuira aliangalia pembeni. Mimi sikucheka, niliyashika maneno yale nikayaweka.

Tulikwenda kaburini sote watatu. Mereana akainama kidogo, akasema, "Mama, tunaazima. Usije ukatusumbua." Nikainyanyua. Mungu wangu! Upepo wa chumvi wa miaka ishirini na sita ulikuwa umeila. Ubao wa chini ulibaki mikononi mwangu unga mtupu. Sisimizi walikuwa wamejenga ndani ya kichwa. Gurudumu halikutikisika, sindano ilikuwa imegandia palepale iliposimama. Maua ya dhahabu yalibaki mawili tu.

"Itapona?" akauliza Mereana.

"Nimewahi kushindwa na mashine gani?"

"Jisifu tu. Mama anakusikia."

Niliilaza kwenye beseni la mafuta ya taa siku tatu. Kisha nikaanza kuisugua kwa steelwaya, nikiipasha moto kidogo, nikilitikisa gurudumu mbele, nyuma, unene wa uzi tu, naliacha, narudia. Kutu haitaki nguvu. Ukilazimisha, unavunja kitu ambacho hakitengenezwi tena duniani. Nikachonga ubao mpya. Springi ya kukaza uzi ilikatika mikononi, nikaipata nyingine kwenye mashine ya marehemu mmoja niliyokuwa nimeihifadhi.

Na kila asubuhi Mereana alikuja. Teuira alimtandikia mkeka na mto barazani kwangu, akaegemea nguzo, mapande yake mapajani, akiyapanga na kuyapangua. Alikula ndizi ya kuchemsha kipande kidogo, nusu yake akampa kuku. Tukawa tunazungumza. Dada zangu mnaosoma, sikuwahi kuzungumza na mtu hivyo maishani mwangu.

"Ile miaka tuliyonuniana," aliniambia siku moja, "shelisheli zako nilikuwa naziiba."

"Nilijua."

"Ulijua? Mbona hukusema?"

"Ningesemaje na tumenuniana?"

Alicheka mpaka akashika ubavu, Teuira akaja mbio. Alipotulia akasema, hali anatazama mapande yake, "Na lile neno nililokuita."

"Neno gani?"

"Unalijua."

"Nimelisahau."

"Mwongo mkubwa wewe."

"Haya, sijalisahau."

"Nilikuwa mjinga, mdogo wangu. Nisamehe. Watoto hukupata, lakini huyu Teuira kala kwako kuliko kwangu."

Niliinamia mashine nikasugua sehemu ambayo tayari ilikuwa inang'aa. Miaka ishirini na sita lile neno lilikaa kifuani mwangu, na siku hiyo likatoka, basi, kama halikuwahi kuwamo.

Siku ya kumi, Alhamisi, cherehani ilipona. Niliamka mapema, nikatia uzi, nikaweka kitambaa chakavu, nikazungusha mkono wake. Ikaenda! Mshono umenyooka, umekaza vizuri juu na chini, kila tundu mahali pake. Nilikaa nikalia kwa furaha. Kazi nzuri kuliko ile sijafanya.

Halafu nikasikia sauti zao wakikatisha uani, Mereana akimwambia Teuira asimkokote kama mbuzi. Na mimi hapo nikapiga hesabu. Leo Alhamisi. Akianza leo, Jumamosi amemaliza. Akimaliza, atakata uzi wa mwisho. Nikakumbuka alivyosema kuhusu huo uzi.

Nikafungua kile kidude cha chini kinachobeba bobini ya uzi, ambacho bila yake mashine haishoni, nikakitia mfuko wa aproni yangu.

"Imekuwaje?" akauliza kabla hajakaa.

"Bado. Kidude cha chini kimeoza chote. Nimeagiza Auckland, kitakuja na meli."

"Meli lini?"

"Wiki ijayo."

"Wiki ijayo ya watu au wiki ijayo ya meli?"

"Nitajuaje, mimi ndiye nahodha?"

Alinitazama kidogo. Kisha akajiegemeza kwenye nguzo. "Haya, tusubiri meli. Mimi nina safari gani?"

Nieleweke. Mtu akiniambia nilifanya kwa ubaya nitamtukana mchana kweupe. Nilikuwa nimempoteza miaka minane kwa upumbavu, nikampata, na sasa wananiambia anaondoka. Alisema haendi mpaka amalize. Mimi mwanamke wa miaka sitini na tatu, mwenye mvi na meno ya bandia, nilimwamini. Nilidhani asipomaliza hataondoka. Nilidhani ufunguo wa mlango ninao mfukoni.

Siku zile ishirini zilizofuata, nikisema nilikuwa na furaha mtanishangaa. Nilikuwa na furaha. Nilijifanya nasafisha hiki, nakaza kile, na dada yangu yuko hapo, ananisimulia ndoto zake, anamsema kila apitaye njiani. Mwanzoni alikuja kwa miguu. Kisha miguu ikakataa, Teuira akatandika godoro kwenye toroli akawa anamleta nalo.

"Teksi imefika," Mereana angesema. "Dereva hajui barabara, mlipeni nusu."

Kisha hata mzaha ukawa unamchosha. Rangi yake ikawa ya njano mpaka ndani ya macho. Mapande alikuwa anayashika tu, hayapangi tena. Niliona. Msinidhanie sikuona. Kila jioni nilijiambia, kesho nitakirudisha kidude mahali pake, na kila asubuhi nikamwona amefika, yu hai, nikajiambia, si unaona, bado yupo.

Teuira alinivuta pembeni. "Mama mdogo, chama cha kina mama kina cherehani nzima kumi. Hebu tuazime moja. Mama anaisha."

"Mwulize mwenyewe," nikamjibu, maana nilijua jibu lake.

Mereana alikataa bila kufumbua macho. "Nimesema ya mama. Akaiti anaitengeneza. Hajawahi kunidanganya huyu, ubaya wake ni mdomo tu."

Maneno hayo niliyasikia nimesimama pale pale, mkono mfukoni.

Meli ikaja Jumatano. Teuira alikwenda bandarini mwenyewe, akasimama juani mpaka mzigo wa mwisho ukashushwa. Alirudi mikono mitupu. "Hakuna kifurushi chenye jina lako," akaniambia. "Nimemwuliza yule wa mizigo mara mbili. Anasema hakuna kilichoagizwa."

"Basi kitakuja na ijayo."

Aliniangalia tu, uso wake ukawa kama wa mtu anayejumlisha.

Kesho yake toroli haikuja. Nilikatisha uani, nikapita kaburi, nikaingia kwa Mereana. Alikuwa kitandani, amelazwa ubavu, mapande yamekunjwa miguuni pake. Midomo imemkauka. Niliketi, akanishika kidole kimoja, maana mkono mzima ulimshinda.

"Akaiti. Naona sitaiwahi."

"Usiseme hivyo."

"Sikiliza. Kufa siogopi, kunanichosha tu. Ninachoogopa ni kuwekwa chini ndani ya kitu kilichoshonwa na wengine. Miaka yote hii nimeshona, halafu mwisho nimaliziwe na watu? Nilitaka nifike kwa mama nimwambie, nimelimaliza mwenyewe." Machozi yalimtoka, yakaingia sikioni, hakuwa na nguvu ya kuyafuta. "Nilitaka hicho tu. Kitu kingine sikutaka."

Nilitoka mbio. Sijui nilikimbiaje na magoti haya. Nilikichomeka kidude mahali pake, nikaibeba cherehani kifuani, nikarudi nayo, nikaiweka kwenye meza ndogo ubavuni pa kitanda. Teuira akamwinua, akamwegemeza kwa mito. Nikaweka mapande mawili ya kwanza chini ya sindano, nikamshika mkono wake wa kulia nikauweka kwenye mpini.

Uso wake ulifunguka. Jamani, mliomwona Mereana akiwa msichana, ule ndio uso. "Imepona," akasema. "Teuira, ona, imepona!"

Akazungusha. Mpini ulikwenda robo, mkono ukaanguka. Nikaurudisha. Ukaanguka. Nikauweka tena, na mara hii nikaweka wangu juu yake, tukazungusha pamoja, sindano ikashuka, ikapanda.

"Toa wako," akasema.

"Nakusaidia tu."

"Toa. Hapo unashona wewe."

Nikatoa. Alijaribu peke yake. Aling'ata meno, mshipa wa shingo ukasimama, na mpini haukusogea. Mashine nimeitengeneza laini, mtoto wa miaka minne angeizungusha kwa kidole. Alijaribu mpaka jasho likamtoka. Kisha akauachia mkono wake uanguke kitandani, akafumba macho.

"Kidude kilikuja lini?" akauliza taratibu. "Kwenye meli ya jana?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ilikuwa ndiyo tu, neno fupi. Ila nilikuwa nimeshiba uongo.

"Hakikuja na meli," nikasema. "Hakikuoza. Kilikuwa mfukoni mwangu, Mereana. Cherehani ilipona Alhamisi ile. Ina siku ishirini na moja leo."

Teuira alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha maji. Alikiweka chini polepole, akatoka nje. Mereana hakufumbua macho.

"Kwa nini?"

"Ulisema ukimaliza unaondoka." Nililia kama mtoto, kamasi na kila kitu. "Ulisema hivyo mwenyewe. Sikutaka uondoke. Nilidhani usipomaliza..."

Nilisikia Teuira anafagia uani, kwa nguvu, mahali pasipo na taka. Mereana akafumbua macho, akanitazama, na hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningeshukuru.

"Mjinga wewe," akasema. "Ungeniambia. Ningeshona polepole."

Hakuzungumza tena siku hiyo. Asubuhi ya Ijumaa alifumbua macho mara moja, akaitazama cherehani, akasema, "Shona basi," akageuzia uso ukutani. Nilishona palepale ubavuni pake. Sijui kama alisikia. Alikata roho Jumamosi mchana, mimi niko pande la kumi na mbili.

Nilimalizia siku ya maziko, saa tatu asubuhi, wanawake wakiimba barazani. Tulimfunga ndani yake, mimi upande wa kichwani, Teuira miguuni. Lilimtosha. Rangi zilikaa vizuri, kila mtu alisema hivyo. Maunganisho yote makubwa ni ya mkono wangu, na dada yangu, ambaye alitaka kitu kimoja tu, hakushona hata mshono mmoja wa kulimalizia.

Na watu walivyonisifu! Mke wa mchungaji alinishika mikono yote miwili mbele ya jeneza, analia. "Akaiti, umeifufua cherehani ya mama yenu, ukamshonea dadako mpaka dakika ya mwisho. Mereana alibarikiwa kuwa na wewe." Nyuma yake kulikuwa na foleni ya wanawake, kila mmoja na maneno yaleyale. Teuira alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, anasikia yote. Nilimngoja aseme. Naapa nilimngoja, nilimtazama usoni, nikamwomba kwa macho awaambie. Alimtazama mama yake tu.

"Asante," nikamwambia mke wa mchungaji. Nikamwambia na aliyefuata, na aliyefuata, mpaka foleni ikaisha.